Kabati la droo kwa chumba kidogo cha mtoto: refu jembamba au fupi pana?

MamaKijacho, Kireka

Habari zenu wapendwa. Naomba mawazo yenu sababu nimezunguka Nsambya na Bwaise kote hapa Kampala na bado sijaamua. Tunapanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala hapa Kireka, hicho kidogo ndio tunakitengeneza cha mtoto, kina futi nane kwa tisa tu, mlango unafungukia ndani, dirisha moja linaangalia barabara na soketi ni moja. Kitanda cha mtoto tumeshapata, tumekiweka mbali na dirisha na neti yake inashuka kutoka kwenye dari. Sasa mbele yake kumebaki ukuta wa kama mita moja na robo kati ya mlango na kona, hapo ndio nataka kabati la droo la nguo za mtoto na pia juu yake niwe nambadilishia nepi, sababu mgongo wangu wa sasa hauwezi kuinama kitandani kila saa.

Kuna familia moja jirani wanahama, wanauza la kwao lina droo sita, refu linanifika kifuani, kama sentimita 120, jembamba upana wake 45 tu. Bei ni poa sana. Mzee wangu analitaka hilo, anasema chumba ni kidogo hivyo twende juu tusile sakafu. Mimi moyo unaniambia tutengeneze lingine fupi na pana kwa fundi, bajeti yetu ni shilingi laki nne za Uganda, ikizidi sana laki nne na nusu. Mama mkwe naye anasema hayo yote ya nini, nguo za mtoto zinakaa kwenye sanduku na besheni, sisi sote tulilelewa hivyo. Na kama ni kutengeneza, nichukue MDF, ile bodi ya unga wa mbao uliogandishwa, au mbao? Najifungua mwishoni mwa mwezi wa 11 inshallah, yani muda upo lakini si mwingi.

BabaPacha, Jinja

Hongera sana dada, Mungu akutangulie. Kabla ya mbao na rangi na nini, chukua tepu na gazeti. Tandika gazeti sakafuni pale ukutani ukate saizi ya kabati lenyewe, afu ongeza gazeti lingine la droo ikiwa imevutwa, afu usimame wewe na tumbo lako hapo mbele uone kama unapita. Watu wengi wanapima kabati likiwa limefungwa, na kabati la mtoto muda mwingi liko wazi.

Nakupigia hesabu. Futi nane ni kama sentimita 244. Kitanda cha mtoto kinachukua 65 hivi, zinabaki 179. Kabati likiingia ndani 45 zinabaki 134. Droo ikivutwa inatoka kama 38, umebaki na 96 za kusimama, kuinama na kugeuka na mtoto mkononi. Hapo unatosha. Lakini ukipata kabati la kina cha 60 kama yale ya wakubwa, na droo zake zikatoka 50, unabaki na kama 70, na hapo ukiinama kuvuta droo ya chini makalio yanagonga kitanda na mtoto anaamka. Kwa hiyo kina kisizidi 45, hata 40 ni sawa, nguo za kichanga ni ndogo hazitaki kisima. Na mlango uangalie vizuri, usiwe unagonga kona ya kabati kila ukifunguliwa.

Kuhusu lile refu la droo sita, dada mimi nina watoto wawili wa rika moja na nakuambia bila kuzunguka, kabati refu jembamba kwenye chumba cha mtoto silitaki mpaka lifungwe ukutani. Mtoto akianza kusimama anavuta kila kitu, na droo kwake ni ngazi, anavuta ya chini anapanda, anavuta ya pili, uzito wote unakuja mbele na kabati linamwangukia. Hii si hadithi ya kutisha wazazi. Mwaka 2016 kule Marekani kampuni ya samani ya IKEA waliita makabati yao ya droo kama milioni 29 yarudishwe au yafungwe ukutani baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Mwezi wa 12 mwaka 2022 Marekani wakatunga sheria kabisa, na tangu Septemba 2023 kabati la nguo linalouzwa kule, kuanzia kimo cha sentimita 69 hivi, lazima lipimwe droo zikiwa wazi na zimebeba mzigo, na pia likivutwa na uzito wa kama kilo 27, ndio wajue halianguki. Sasa hapa kwetu fundi wa barabarani hakuna anayempimia hivyo, kwa hiyo anayepima ni wewe mzazi. Lisukume, lining'inie, fungua droo zote pamoja uone kama mguu wa nyuma unanyanyuka.

Na TV isiwekwe juu yake hata siku moja. Najua nyumba zetu hizi, soketi iko hapo, mahali pa TV hakuna, basi inaishia juu ya kabati la mtoto. Msikubali.

seremala_wa_Nsambya

Mama habari, mimi ni fundi, naongea kwa kazi ya mikono yangu.

BabaPacha amesema kweli kuhusu refu. Mimi kwa chumba kama chako natengeneza upana 80 mpaka 90, kimo 80 mpaka 85, kina 45. Kimo hicho ukiongeza kigodoro cha kubadilishia nepi cha sentimita nane unafika 88 mpaka 93, mama wa urefu wa kawaida anafanya kazi wima bila kuumia mgongo. Droo za juu mbili ndogo pembeni kwa pembeni, za nepi, mafuta na soksi, chini yake droo mbili pana. Kina cha kila droo 15 mpaka 18 kwenda chini kinatosha, ukiifanya ya 25 nguo za mtoto zinazama, unazipanga leo na kesho ni fujo tupu.

MDF au mbao. MDF ni laini, inachukua rangi vizuri, haipindi, lakini ni nzito na inachukia maji. Bodi moja ya milimita 18 ya futi nane kwa nne ina kilo kama 40, na kabati lako linakula bodi moja na kipande cha nyingine, kwa hiyo ujue unanunua kitu cha kilo hamsini hivi. Uzito huo unasaidia kidogo lisianguke lakini likimwangukia mtoto ndio balaa zaidi, kwa hiyo kulifunga ukutani kuko palepale. Maji ndio shida kubwa. Mnapiga deki kila siku, maji yanaingia kwenye kingo za chini, MDF inavimba kama mkate uliochovywa chai na haishuki tena. Ukichukua MDF nitakuomba miguu ya mbao ya sentimita 12 mpaka 15, na kingo zote zipakwe rangi au zibandikwe ukanda, hata zile zisizoonekana, hasa zile zisizoonekana.

Mbao ni nyepesi kuliko hiyo kama ni paini au musizi, na skrubu inashika vizuri, ukihama nyumba mara nyingi mbao inavumilia. Ila musizi wadudu wanaipenda lazima iwe na dawa, na kalitunsi, yaani mkaratusi, usikubali kabisa kwa droo, inapinda. Mvule na mahogani ni za maisha lakini kwa laki nne hutapata kabati zima, labda uso wa mbele tu. Jambo kubwa ni ukavu. Mbao nyingi pale Ndeeba zinauzwa bado mbichi, fundi mwenye haraka anaitengeneza hivyohivyo, unapelekewa mwezi wa 8 jua likiwaka droo zinateleza vizuri, mvua za mwezi wa 10 na 11 zikija droo zinakwama huwezi kuvuta hata kwa mikono miwili na mtoto analia. Ishike mbao, mbichi ni nzito na baridi mkononi. Mwambie fundi aache nafasi ya milimita mbili tatu kila upande wa droo.

Halafu geuza kabati uangalie mgongo wake. Wengi wanapigilia plaiwudi nyembamba kwa misumari midogo minne, hiyo ndio inafanya kabati liyumbe. Mgongo upigwe skrubu pande zote, na juu ndani kuwe na ubao mnene wa kupitisha skrubu ya ukutani. Na mbele nisiweke vishikio vya kutokeza, nakata mkato wa vidole juu ya droo, hugongi tumbo na mtoto hapati pa kukanyaga.

Msista_wa_Wodi, Mbale

Mimi niko wodi ya watoto, naomba niongeze ya kwangu sababu nyinyi mnaongea kabati na mimi nawaza kinachoingia ndani yake.

Dada, naomba sana, usiweke vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo na mende kwenye droo za mtoto, zile naftalini. Najua kila mama mkubwa ataleta. Kuna watoto wanazaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na sehemu zenye malaria kama huku kwetu upungufu huo ni wa kawaida, hasa kwa wavulana. Mtoto kama huyo akivalishwa nguo au akifunikwa shali iliyokaa na naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, anaishiwa damu na macho yanageuka manjano, na manjano ikizidi kwa kichanga inaweza kuharibu ubongo. Na kwa macho huwezi kujua nani anao. Kama kabati mnalonunua limewahi kutumika na lina harufu hiyo, litoe nje kwenye hewa, lifute lote, nguo za kichanga zisiingie mpaka harufu iishe kabisa. Mende wanazuiwa kwa usafi na kwa miguu ile aliyosema fundi, ili ufagio upite chini.

La pili, nepi na nguo zisiingie droo zikiwa na unyevu. Kuna yule nzi anayetaga mayai kwenye nguo zinazoanikwa nje, hasa kivulini au chini kwenye majani, na mtoto akizivaa, funza wa nzi huyo wanaingia kwenye ngozi na kutoa uvimbe kama jipu. Anika juani kwenye kamba, zikauke kabisa, piga pasi ya moto pande zote mpaka kwenye mishono, ndio upange. Kwa hiyo kama soketi ni moja tu, kabati lisiizibe, pasi utaihitaji kila siku.

Rangi pia. Watoto wakianza kuota meno wanatafuna kingo za kila kitu. Kabati la zamani lenye rangi inayobanduka linaweza kuwa na madini ya risasi (lead), na risasi kwa mtoto hakuna kiwango salama, WHO wamesema hivyo. Usipige msasa mkavu ndani ya nyumba na mimba yako, hiyo kazi aifanye fundi kwake nje. Rangi mpya iwe ya maji na kopo liwe limeandikwa haina risasi, na kabati likae kwenye hewa wiki kadhaa kabla mtoto hajaja, MDF na vanishi mpya vinatoa harufu inayowasha macho na kifua.

Na juu ya kabati, mkono mmoja ukae juu ya mtoto muda wote. Simu ikilia iache ilie. Tunapokea watoto walioanguka kutoka juu ya vitanda na meza, na kila mama anasema niligeuka kidogo tu. Akishaanza kujigeuza, kwenye miezi minne au mitano, hamia kumbadilishia kitandani kwenu au chini kwenye mkeka.

Zawadi256, Arua

Nawasalimu wote. Mimi nitamtetea mama mkwe kidogo, jamani. Sisi wapangaji tunahama, leo Kireka kesho Namugongo, kabati la kilo hamsini ni gari na vijana wa kubeba kila mara. Mimi nilitumia droo za plastiki za ghorofa nne, nyepesi, nikazifunga kwa kamba kwenye msumari mkubwa, na nguo za msimu ujao kwenye sanduku chini ya kitanda. Mwaka wa kwanza mtoto anabadilisha saizi haraka sana, hizo nguo unazonunua sasa nusu yake hatazivaa mara mbili. Kinachohitajika mkononi ni nepi, fulana, shali mbili tatu, kofia, basi.

Ila nakubali, droo za plastiki huwezi kubadilishia mtoto juu yake, zinabonyea. Na mgongo baada ya kujifungua, haswa kama ni kwa upasuaji, kuinama ni mateso, kwa hiyo kama pesa ipo, kabati la kimo cha kiuno si anasa. Mama mkwe mpe hilo la upasuaji ataelewa.

MamaKijacho, Kireka

Jamani nashukuru sana sana, hata sikutegemea. Gazeti nimetandika jana jioni na mzee wangu akiwa hapo, BabaPacha hesabu yako imekaa vilevile, 45 inapita vizuri. Amesoma yote na hiyo ya makabati ya 2016 imemnyamazisha. Msista ya naftalini sikuwahi kuisikia popote, dada yangu ana wa miezi miwili, nimempigia usiku huohuo na kweli alikuwa ameziweka, ameshazitoa.

Sasa maswali mawili. Landilodi wetu hataki mtu atoboe ukuta, alisema tangu siku ya kwanza, sasa nitalifungaje? La pili ni la mzee, ameuliza hivi, lile refu la jirani ni mbao tupu si MDF, zito na zuri, na bei yake hata robo ya bajeti haifiki. Haliwezi kukatwa katikati likawa mawili mafupi, tuyaweke pamoja? Fundi usimcheke.

BabaPacha, Jinja

La landilodi ongea naye kabla, mwambie matundu mawili tu nyuma ya kabati, na siku unahama unayaziba kwa plasta na rangi kwa gharama yako, mwandikiane kwenye karatasi. Wangu alikubali nilipomweleza ni usalama wa mtoto, naye ana wajukuu. Akikataa kabisa, basi hapo kabati lolote lirudi kuwa fupi chini ya goti na nepi mbadilishie kitandani, mimi singejaribu njia nyingine.

seremala_wa_Nsambya

Simcheki hata kidogo, mzee ana akili ya ufundi. Kama ni mbao tupu inawezekana, na ikitoka vizuri utapata kitu bora kuliko nitakachokutengenezea mpya kwa laki nne. Angalia mambo mawili kwanza. Toa droo ya tatu na ya nne uangalie kati yake, kama kuna ubao umepita kutoka upande hadi upande, mbele na nyuma, basi linakatika hapo chini ya ubao huo bila kulegea. Kama droo zimepandana bila kitu katikati, bado inawezekana ila naongeza fremu na gharama inapanda. La pili, gonga mbao na utafute matundu madogo kama ya sindano yenye unga chini yake. Ukiona unga mpya, achana nalo, hao wadudu watahamia kwenye kitanda cha mtoto.

Likiwa zima nakata, kila kipande kinabaki na droo tatu, kimo 60. Nayaweka ubavu kwa ubavu upana unakuwa 90, nayafunga pamoja kwa bolti nne kupitia ndani, juu naweka ubao mmoja uliofunika yote mawili ili kusiwe na ufa wa vidole, na pembeni na nyuma kidogo kizingiti cha sentimita tano kigodoro kisiteleze. Miguu ya 18. Jumla unafika 80, na kigodoro 88. Vishikio vya zamani nang'oa, naziba, nakata mkato wa vidole. Rangi yote ya zamani inatoka kwangu huku, na maji, si vumbi, Msista amesema vizuri.

Bado litafungwa ukutani, usiseme sasa ni fupi. Vyuma viwili vya umbo la L juu nyuma, drili ya milimita 8, plagi ya plastiki ya kushika skrubu, na skrubu ya sentimita 6 au 7, sababu plasta peke yake ina kama sentimita mbili na haishiki kitu, skrubu lazima ifike kwenye tofali lenyewe. Kama chini ukutani kuna sketingi ya taili, nipimie unene wake na kimo chake, nitakata miguu ya nyuma ikae juu yake ili kabati lishikamane na ukuta, ukiacha ule mwanya vyuma vinapinda.

MamaKijacho, Kireka

Fundi nimetoka kwa jirani sasa hivi. Ubao upo katikati mbele na nyuma, unga hakuna, harufu ya naftalini ipo kidogo kwenye droo ya chini. Sketingi ni taili, unene sentimita moja, kimo kumi. Landilodi, mzee wangu anaenda kumwona Jumapili. Tulilete lini?

seremala_wa_Nsambya

Kama landilodi anakubali, lete Jumatatu asubuhi, nitalimaliza mapema likae nje kwangu kwenye hewa mpaka harufu ya rangi na ya naftalini iishe. Kabla ya kulipakia toa droo zote, na kila moja iandike namba kwa chaki nyuma yake, moja mpaka sita kutoka juu, na namba hiyohiyo ndani ya tundu lake. Kabati la mbao la zamani kila droo imezoea mahali pake, ukizichanganya zinakwama. Droo zije peke yake kwenye gunia, kabati lilazwe kwa mgongo, na wewe mama usibebe hata moja.